Maji yaliyo chini ya mafunjo ya Malagarasi

Kila ikikaribia Oktoba, kwenye grupu letu la WhatsApp la watu wa Nguruka tuliotawanyika huku na huko, picha mbili huanza kuzunguka. Ya kushoto inaonyesha Ziwa Sagara na mabwawa ya Malagarasi yametanda bluu. Ya kulia imejaa rangi ya kahawia, maji yamebaki madoa madoa. Juu yake mtu ameandika kwa herufi nyekundu: MALAGARASI INAKUFA. Haipiti saa moja grupu linawaka. Huyu analaumu ng'ombe, yule analaumu tumbaku, wa tatu anasema ni dhambi zetu. Kisha mmoja ananitaja jina: "Dada, si wewe uliyesomea ramani? Hebu tuambie, ni kweli?"

Nami huwajibu kwa swali, tena lilelile kila mwaka. Picha ya kwanza ilipigwa mwezi gani, na ya pili mwezi gani?

Mara nyingi ya kwanza ni ya Aprili na ya pili ni ya Septemba. Basi hapo hakuna kilichothibitishwa. Huku kwetu mvua ni za msimu mmoja, zinaanza Novemba na kukatika Aprili au mwanzoni mwa Mei. Ukiyapiga picha mabonde ya Malagarasi masika yanapoisha, ukayapiga tena kiangazi kimekolea, utakiona kifo hicho mwaka huu, utakiona mwakani, na babu zetu wangekiona vilevile kama wangekuwa na setilaiti.

Siandiki haya kuwatuliza watu. Mimi mwenyewe nina wasiwasi na mabwawa yale, na nitaeleza kwa nini. Ila naumia ninapoona jambo zito namna hii linatetewa kwa ushahidi unaoangushwa na swali moja la kwanza. Siku mtu mwenye mamlaka atakapouliza swali hilo mbele ya kikao, na jibu likakosekana, hatatusikiliza tena hata tukimletea ushahidi wa kweli.

Nilizaliwa Nguruka, kando ya Reli ya Kati, kati ya Tabora na Kigoma. Mama alikuwa akiuza samaki stesheni. Treni ikisimama, beseni kichwani, anakimbia kutoka behewa hadi behewa na mikono inamnyooshea noti madirishani: kambale wa kubanika, perege wakavu waliofungwa kwa kamba za magome. Samaki wale walitoka Sagara na kwenye mito inayomwaga mabwawani. Ada yangu ya shule ilitoka kwenye maji hayo, na sare, na hata daftari nililojifunzia kuchora ramani ya Tanzania. Sasa naishi Mwanga, Kigoma mjini, na kazi yangu ni kutengeneza ramani kwa kompyuta. Usiku, mtandao unapokuwa na nguvu kidogo, napakua picha za nyumbani.

Kwa asiyepajua: ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi ndiyo ya kwanza ya Tanzania kuingia kwenye orodha ya Mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, mwaka 2000. Baada yake zikafuata Ziwa Natron, Bonde la Kilombero na Rufiji-Mafia-Kilwa. Ina hekta 3,250,000, eneo kubwa kuliko nchi nzima ya jirani zetu Burundi. Mto Malagarasi unaanzia milima ya mpakani huko, unazunguka, unashuka kusini na kujimwaga kwenye mabwawa, unapokea Moyowosi (ndio huo Muyovozi), Igombe na Ugalla, kisha unageuka magharibi kupitia Uvinza hadi Ziwa Tanganyika. Wanaochunguza samaki wanasema mto huu una umri mkubwa kuliko ziwa lenyewe, kwamba zamani ulitiririka moja kwa moja kuelekea Kongo kabla bonde la ufa halijafunguka, na ndiyo maana ndani yake wamo samaki wenye undugu na wa Kongo. Huwa nalifikiria hilo nikivuka Daraja la Kikwete kwa basi.

Sasa katika hekta hizo milioni tatu na zaidi, maji ya wazi na maziwa wakati wa kiangazi ni kama hekta 250,000. Mafunjo ya kudumu ni kama hekta 200,000. Lakini mbuga za pembeni, zile zinazofurika na kukauka, zinaweza kufika hekta milioni moja na nusu katika mwaka wa maji mengi. Ukizitazama tarakimu hizo utaona shida iko wapi. Sehemu kubwa kabisa ya ardhioevu hii ni ile inayokuja na kuondoka. Ukiniuliza "Malagarasi ina ukubwa gani?" nitakuuliza "lini?" Na kinachowahusu samaki, ng'ombe, mpunga na korongo nyangumi ni maji yamefika lini, yamekaa muda gani, na yameondoka lini. Kambale hupanda kwenda kutaga kwenye majani yaliyofurika mvua zinapoanza. Maji yakichelewa, au yakija kwa nguvu na kuondoka haraka kabla watoto wa samaki hawajapata nguvu, ramani ya mwezi wa Aprili itaonyesha bluu ileile ya mwaka jana na mama yangu hatakuwa na cha kuuza.

Niseme kidogo jinsi setilaiti inavyoyaona maji, maana wengi wanadhani ni kamera tu inayotazama chini.

Mwanga wa jua una sehemu tunazoziona na sehemu tusizoziona. Maji hurudisha kidogo mwanga wa kijani, lakini mwanga wa infraredi huumeza karibu wote. Majani mabichi hufanya kinyume, infraredi yanairudisha kwa wingi. Kwa hiyo ukichukua tofauti ya kijani na infraredi ukaigawanya kwa jumla yake, kila pikseli, yaani kila kijiraba kidogo cha picha, inapata namba moja, na penye maji namba hupanda. Kipimo hicho kimetumika tangu 1996, na muongo mmoja baadaye kikaja kingine kinachotumia infraredi ya mbali zaidi ambacho hakichanganyi sana maji na majengo. Landsat za Marekani, ambazo ya kwanza ilirushwa 1972, sasa zinatupa pikseli ya mita 30, na kila setilaiti moja hurudi mahali palepale baada ya siku 16. Sentinel-2 za Ulaya, zilizoanza 2015, zina pikseli ya mita 10 na zikiwa mbili hupita kila baada ya siku 5. Zote ni bure. Landsat zimekuwa bure tangu 2008, na siku ile iliwafungulia mlango watu kama mimi ambao hakuna ofisi ingewanunulia picha hata moja.

Haya yote yanafanya kazi vizuri sana juu ya Ziwa Victoria. Juu ya Malagarasi yanagonga kisiki.

Kisiki cha kwanza ni moto. Kuanzia Juni hadi Septemba nyika na mbuga za Tabora na Kigoma zinaungua, na ardhi iliyoungua ni nyeusi tititi. Kwa kompyuta, cheusi na maji vinafanana sana. Nimeshaona ramani yenye "ziwa" jipya kusini mwa Urambo ambalo lilikuwa jivu la wiki iliyopita. Kivuli cha wingu kinadanganya vilevile, na kivuli cha milima kule Mahale asubuhi. Hivi vinarekebishika ukijua kuvitafuta: maji hukaa mahali pamoja, jivu huota majani mvua ya kwanza tu.

Kisiki cha pili ndicho kikubwa. Nilipakua ramani ya maji ya dunia nzima iliyotengenezwa na kituo cha utafiti cha Umoja wa Ulaya, kazi kubwa na ya heshima, iliyotoka 2016 baada ya kupitia picha milioni tatu za Landsat za kuanzia 1984 hadi 2015. Ndiyo iliyoeleza kwamba karibu kilomita za mraba 90,000 za maji ya kudumu zilitoweka duniani katika muda huo, huku 184,000 zikijitokeza mahali pengine. Nikaiweka kwenye simu, nikaenda nayo kwa mjomba wangu anayevua upande wa Sagara. Tukaingia na mtumbwi, yeye na pondo nyuma, mimi mbele na simu ndani ya mfuko wa nailoni. Tulipofika katikati ya ukuta wa mafunjo, ramani ilikuwa imepaacha patupu, haina tone.

"Mjomba, hapa ramani inasema hakuna maji."

"Basi shuka utembee, mama."

Akalisukuma pondo chini. Likazama mpaka mkono wake ukagusa maji, na bado halikufika penye ugumu.

Waliotengeneza ramani ile wenyewe wameeleza wazi kwamba inahesabu maji yaliyo wazi kwa anga. Mafunjo yamesimama juu ya maji, tena mengine yanaelea kabisa kama visiwa, na setilaiti ya mwanga inaona majani mabichi basi. Hakuna kosa la mtu hapo. Kosa linaanza pale mtu anapoichukua ramani ya maji ya wazi akaiita ramani ya ardhioevu. Kwa hesabu hiyo, mafunjo yakisambaa juu ya ziwa, ziwa "limekauka". Mafunjo yakichomwa na kukatwa ili kupanda mpunga, na maji yakaonekana, ardhioevu "imeongezeka". Taarifa inakuja kinyume na kilichotokea.

Rada inasaidia. Sentinel-1, setilaiti ya rada ya Ulaya, hutuma mawimbi yake yenyewe, usiku na mchana, na mawingu ya Januari hayaizuii, jambo ambalo kwa anayetaka kuona mafuriko yanavyoingia ni la thamani mno, kwa sababu miezi ile picha za mwanga ni pamba tupu. Maji tulivu hutokea meusi maana wimbi linateleza na kwenda upande wa pili. Penye mashina yaliyosimama majini, wimbi hugonga maji, likagonga shina, likarudi lilikotoka, na pale panang'aa kuliko nchi kavu. Mbuga zenye majani ya kawaida nazifuatilia hivyo. Mafunjo mazito, marefu kuliko mtu, ni kazi nyingine: wimbi fupi la Sentinel-1 huishia kwenye vichwa vyake. Linalopenya ni wimbi refu, kama la setilaiti za Kijapani za ALOS, na Julai 2025 Marekani na India wamerusha NISAR ambayo nayo ina wimbi refu. Naisubiri picha yake ya masika ya huku kwetu kama watu wanavyosubiri matokeo ya kidato cha nne.

Kuna jambo lingine linalohusu miaka ya nyuma, na hapa naomba uvumilivu wa wale wanaopenda kusema "tangu 1985 tumepoteza asilimia kadhaa". Picha za Landsat za eneo letu za miaka ya 1980 na 1990 ni chache mno. Setilaiti ilikuwa ikipita, lakini picha za Afrika Mashariki zilizopokelewa na kuhifadhiwa wakati ule ni haba ukilinganisha na za Marekani au Ulaya. Kwa miaka fulani ukitafuta mabonde ya Malagarasi unapata picha moja au mbili, nyingine imejaa mawingu. Kuanzia Mei 2003 Landsat 7 ikapata hitilafu, picha zake zikawa na michirizi mitupu. Kwa hiyo bwawa dogo linaloonekana kwenye kumbukumbu "kwa mara ya kwanza" mwaka 2001 huenda lilikuwepo tangu enzi za Mjerumani. Limeonekana tu kwa mara ya kwanza. Anayelinganisha miongo lazima kwanza ahesabu picha alizonazo kwa kila muongo, na mwezi wa kila picha, kabla hajafungua mdomo.

Na watu wa Kigoma mjini huniuliza: mbona Ziwa Tanganyika mnalipima kwa urahisi? Tulishuhudia wenyewe. Mvua kubwa za 2019 na 2020 zilipomwagika, ziwa likapanda, Kibirizi maji yakala ufukwe, ng'ambo huko Burundi watu wa Gatumba wakahama. Lakini ukichukua ramani ya eneo la ziwa kabla na baada, tofauti ni ndogo, utepe mwembamba pembeni. Tanganyika ni mtungi, Malagarasi ni sinia. Ukiongeza kikombe cha maji kwenye mtungi, kina kinapanda na mdomo ni uleule. Ukikimwaga kwenye sinia, maji yanakimbia hadi ukingoni na kina hukioni. Ziwa lenye kina cha mita 1,470 unalipima kwa urefu wa uso wake, na setilaiti zinazopima urefu huo zimekuwa zikifanya hivyo kwa maziwa makubwa tangu TOPEX/Poseidon iliporushwa 1992. Mabwawa yetu unayapima kwa upana na kwa muda. Mtu anayetumia kipimo kimoja kwa vyote viwili atadhani ziwa halikubadilika mwaka ambao nyumba za watu zilikuwa majini.

Sasa wasiwasi wangu.

Nikilinganisha picha za Agosti kwa Agosti, miaka ninayoweza kuiamini, kilichobadilika zaidi machoni pangu si katikati. Mafunjo ya katikati yapo. Kilichobadilika ni kingo. Kando ya mbuga za upande wa Kaliua na Uvinza naona majaruba ya mpunga yakisogea ndani, mistari iliyonyooka ambayo mto hauchori. Naona njia za ng'ombe zikitoka kila upande kuelekea maji ya mwisho ya kiangazi. Na juu zaidi, kwenye miombo ambako vijito vinaanzia, naona mapengo. Tumbaku ya Tabora inakaushwa kwa kuni, mashamba mapya yanafunguliwa kila mwaka, na msitu ukiondoka mvua haizami, inakimbia na udongo. Mto unafika mabwawani mapema, mwekundu, na unaisha mapema.

Jaruba la mpunga kwa setilaiti ni maji. Linafurika Januari, linang'aa, linakauka Juni, sawasawa na mbuga iliyokuwa hapo kabla. Kwa hiyo mbuga yenye majani ya asili, iliyokuwa kitalu cha samaki na malisho ya nzohe, yule swala wa mabwawani, inaweza kugeuzwa shamba lote na takwimu ya maji isitikisike hata kidogo. Simlaumu mkulima. Ndugu zangu wanalima mpunga huohuo na ninaula. Nasema tu kwamba hesabu ya nchi isipotenganisha, haitajua.

Vivyo hivyo kwa mabwawa ya kujengwa. Kwenye Malengo ya Maendeleo Endelevu kuna kipimo namba 6.6.1, cha mabadiliko ya eneo la mifumo ya ikolojia inayotegemea maji, na sehemu kubwa ya takwimu zake kwa nchi nyingi hutoka kwenye setilaiti. Bwawa la Igombe lililowanywesha watu wa Tabora kwa miaka mingi ni jambo jema, nisieleweke vibaya. Lakini bwawa jipya mahali pamoja na mafunjo yaliyokufa mahali pengine ukiyajumlisha kwenye safu moja yanafutana, na kwenye karatasi nchi iko salama. Ningependa tuwe na safu tofauti: maji ya asili ya wazi, maji ya kujengwa, mafunjo, mbuga za msimu. Taarifa za kila eneo la Ramsar zinatakiwa kuhuishwa kila baada ya miaka sita. Ni muda unaotosha kabisa kufanya kazi hiyo kwa mpangilio, kwa picha za bure, na vijana wanaojua kuzisoma wapo Dar es Salaam, Morogoro, na hata hapa Kigoma wakisubiri ajira.

Ila picha peke yake haitoshi, na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo.

Mjomba niliyemtaja, kabla miguu haijaanza kumsumbua, aliwahi kusaidia kusoma geji ya mto. Kwa wasiojua, ni mbao ndefu zenye namba, zimesimikwa ukingoni, kila moja imeanzia ilipoishia mwenzake. Asubuhi na jioni unakwenda, unasoma maji yamefika namba ngapi, unaandika kwenye daftari. Kazi yenyewe ndiyo hiyo, ila ni kila siku, masika mpaka kiunoni kwenye matope, na mamba ni jirani. Posho ilikuwa ndogo na ikawa inachelewa, kisha mradi uliokuwa ukiilipa ukaisha. Mafuriko yaliyofuata yakang'oa mbao mbili za chini. Hakuna aliyekuja kuzirudishia. Mjomba aliendelea kuandika kwa miezi kadhaa akikadiria kwa jiwe analolijua, bila posho, kwa sababu alisema haiwezekani mto upite bila mtu kuandika. Daftari lile limeishia wapi baada ya kukabidhiwa, yeye hajui, nami nimeuliza nikachoka.

Nikilifikiria jambo hilo hasira hunipanda hadi leo. Setilaiti ya mabilioni inapita juu, inasema pana bluu kiasi hiki, lakini ili bluu ile igeuke kuwa ujazo wa maji, ili tujue mto umeleta kiasi gani na umepungukiwa wapi, lazima kuwe na mtu chini aliyesoma namba siku hiyohiyo. Picha na geji ni ushahidi wa mashahidi wawili. Tumewekeza kwa shahidi wa angani na yule wa ardhini tumemwacha bila nauli. Kama nina ombi moja kwa wanaopanga bajeti za mabonde ya maji, ni kwamba kabla ya kununua kompyuta nyingine, wasoma geji walipwe kwa wakati, na mbao zirudishiwe kabla ya Novemba.

Na mashahidi wa ardhini si wasoma geji tu. Mwaka jana upande wa Kaliua nilimkuta mzee wa Kisukuma akichunga, nikamwamkia "Mwangaluka," akaitikia kwa furaha, tukakaa chini ya mti. Nilimwonyesha kwenye simu mbuga aliyokuwa akiitazama. Aliigeuza simu mara mbili tatu, akaielewa, kisha akaanza kuniambia, mbuga kwa mbuga, mwezi ambao kwato hazizami tena. Hii unaingia Julai. Ile pale ilikuwa Agosti, siku hizi mwisho wa Juni tayari imekauka. Ile ya mbali ina kisima katikati ambacho hakijawahi kukauka tangu ahamie. Nilipofika nyumbani nikafungua rada ya miaka yote tangu 2015, nikatazama lini kila mbuga inabadilika kutoka kung'aa kuwa ya kawaida. Kwa ile aliyosema inawahi kukauka, mstari wangu nao umekuwa ukisogea nyuma. Ni miaka michache, siwezi kuita huo mwelekeo wa kudumu. Miaka ile ya mvua kubwa katikati inavuruga. Lakini mimi na mzee yule, tukianzia kwenye vitu viwili visivyohusiana, tumeelekeza kidole mahali pamoja. Kule kwenye mbuga ile nitaendelea kutazama kila wiki.

Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au bwawa. Ni sheria nzuri, nami huulizwa niichore kwenye ramani. Lakini ukingo wa mbuga ya Malagarasi uko wapi? Wa Aprili au wa Septemba? Kati ya kingo hizo mbili pana kilomita kadhaa. Mwenye pikseli za miaka mingi anaweza kuonyesha maji hufika wapi katika miaka ya kawaida, na hapo mgambo na mkulima wakawa na mstari mmoja wa kuuongelea badala ya kila mtu kuja na wake na ugomvi ukaishia kwa kukamatana.

Kwa hiyo, ndugu zangu wa grupu, picha za Oktoba mwaka huu nitazijibu, ila nataka na ninyi mnisaidie. Yeyote aliyekulia Nguruka, Uvinza, stesheni ya Malagarasi, Usinge, Kaliua au kando ya Ugalla, aulize nyumbani. Kama kuna picha ya zamani ya harusi au ya shule ambayo nyuma yake maji yanaonekana, niandikie mahali, mwezi na mwaka. Hata kama huna tarehe kamili, "baada ya El Niño ya 97" inatosha. Kama baba alikuwa akiandika siku ya kwanza ya kuvuka mto kwa mguu, au mama anakumbuka miaka ambayo kambale walichelewa, andika hivyohivyo alivyosema, usimsahihishe. Wafugaji wakitaja mbuga, chukua jina la mbuga kama wanavyolitaja wao. Nitaviweka vyote kwenye jedwali moja na picha za wiki hizohizo, na jedwali nitalirudisha kwenye grupu kila mtu alione, likiwa na majina ya mbuga tu na si ya watu.

Nimeshaanza na la mama. Amenitajia miaka mitatu ambayo alikaa stesheni na beseni tupu hadi Februari. Miwili nina picha zake. Wa tatu ni 1992, na kwa mwaka huo sijapata hata picha moja isiyo na mawingu, kwa hiyo nawauliza ninyi: nani alikuwa Nguruka mwaka ule?